Jina la kanisa na hukumu ya sikio

Wapo watu ambao hawajawahi kuingia kanisa fulani lakini wameshalihukumu kwa jina tu. "Hilo jina lenyewe linatisha," mmoja atasema. La kanisa la pili, ambalo pia halijui, atasema linatuliza. Je, sikio lina haki ya kuhukumu hivyo?

Kwa kiasi fulani, ninakubali. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika juu ya maumbo mawili, moja la mviringo na jingine lenye ncha, pamoja na maneno mawili yasiyo na maana yoyote: baluma na takete. Watu wengi waliliita la mviringo baluma, na lenye ncha wakaliita takete. Sauti peke yake ilitosha. Sasa tamka "Neema" polepole. Sauti inapita puani kwa upole, e inavutwa, na hakuna mahali pumzi inapokatwa ghafla. Sishangai kwamba jina hilo linapendwa.

Ila maneno ya Köhler yalikuwa matupu, na jina la kanisa halisikiki likiwa tupu. Chukua Laodikia na Filadelfia. Yote mawili ni matamu mdomoni, na yote yamo katika Ufunuo sura ya 3. Filadelfia utaliona kwenye vibao vya makanisa mengi. Laodikia ni nadra mno, kwa sababu msomaji wa Biblia akilisikia tu anakumbuka uvuguvugu na onyo la kutapikwa. Utamu wa sauti haukulisaidia kitu.

Kinyume chake pia hutokea. Mwaka 1650 huko Derby, Uingereza, hakimu alimbeza mhubiri Mkristo George Fox na wenzake kwa kuwaita Quakers, yaani watetemekaji, kwa kuwa Fox alimwambia atetemeke mbele ya neno la Mungu. Ni jina gumu, lenye sauti ya k mara mbili, tena la dhihaka. Wao hujiita Marafiki. Lakini mwaka 1947 mashirika yao mawili yalipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na leo wengi wakisikia Quaker wanawaza watu wa amani. Sauti ni ileile. Kilichobadilika ni kile watu walichokiona kwa wenye jina.

Kwa hiyo sioni kosa kanisa kutafuta jina linalopendeza sikioni. Mgeni naye anastahili kukaribishwa vizuri. Kinachonisumbua ni jina laini linalochaguliwa ili kuficha. Waadventista Wasabato walipochagua jina lao mwaka 1860 walichagua refu na zito, lakini lina siku yao ya ibada na tumaini lao la kurudi kwa Kristo. Anayeingia anajua anaingia wapi. Aliyevutwa na jina tamu, kisha baada ya miezi akakuta mafundisho ambayo halikuyadokeza hata kidogo, ana haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa tangu mlangoni.