Betri ya Chini ya Kitanda Ipewe Njia ya Kupumua

Mafundi wetu wa magari wana jina moja kwa kila betri isiyo na vizibo vya kuongezea maji: "betri kavu". Jina hilo linanitia hofu kuliko asidi yenyewe, kwa sababu mtu anayegeuza basi dogo au Land Cruiser kuwa gari la kulala ndani huambiwa kwamba betri kavu haitoi gesi, na kwa hiyo inaweza kufungiwa popote, hata chini ya godoro.

Si kweli. Betri ya risasi na asidi ikichajiwa kupita kiasi hugawanya maji yaliyomo ndani yake kuwa haidrojeni na oksijeni. Ile iliyozibwa, yaani hiyo "betri kavu", huziunganisha tena gesi hizo, lakini chaja ikiisukuma mno vali yake hufunguka, nazo hutoka. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Kwa betri ya maji ya volti 12 iliyokwisha kujaa, kila ampea-saa moja ya ziada (mkondo wa ampea moja kwa saa moja) huzaa takriban lita 2.5 za haidrojeni. Ndani ya kasha lililofungwa lenye lita 60 za hewa, kiasi hicho kinatosha, na kilichobaki ni cheche ya swichi tu.

Niliyaelewa haya kambini karibu na Ziwa Manyara, gari likiwa limechomekwa kwenye umeme wa kambi. Saa nane usiku king'ora cha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo kwenye moto, kilituamsha, ilhali jiko lilikuwa limezimwa tangu jioni. (Vihisi vya ving'ora vingi vya aina hiyo huitikia haidrojeni pia, jambo ambalo sikulijua.) Nilipoinua godoro, harufu ya mayai viza ilinipiga usoni, na ubavu wa betri ulikuwa umevimba kama mkate uliojaa hamira. Harufu ile ni ya sulfidi ya haidrojeni, gesi yenye sumu ambayo pua huizoea upesi, kwa hiyo ikipotea usidhani kwamba hatari imekwisha. Tuliwatoa watoto, tukaacha milango wazi, kisha nikachomoa waya kwenye soketi ya nje. Terminali sikuzigusa, maana cheche huanzia hapo.

Asubuhi nililitazama kasha vizuri. Fundi alikuwa ametoboa tundu moja tu, sakafuni, kama inavyofanywa kwa mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi ya kupikia ni nzito na hushuka. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kwa takriban mara 14, nayo hupanda na kukusanyika chini ya ubao wa kitanda.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kasha la betri ya aina hii litengwe kabisa na chumba cha kulala, liwe na bomba linaloanzia juu kabisa ya kasha hadi nje ya gari, pamoja na tundu la chini la kuingizia hewa. Betri ya lithiamu haitoi gesi ikichajiwa kawaida, lakini ikiharibika hutoa gesi inayowaka, kwa hiyo nayo siiweki chini ya mtu aliyelala. Unapokabidhiwa gari, mwombe fundi akuonyeshe mdomo wa bomba hilo kwa nje, kisha mwagize apulize hewa ndani ya kasha huku kiganja chako kikiwa pale linapotokea.