Trakboli: gololi iliyobaki kwenye rada na ultrasaundi

Ukiingia chumba cha ultrasaundi, tazama mkono ule ambao haupiti tumboni. Utaukuta umetulia juu ya mtambo, vidole vikiviringisha tufe dogo lililozama nusu kwenye paneli. Tufe likizunguka, alama inasogea kwenye skrini: kichwa kinapimwa hapa, bofya, mfupa wa paja pale, bofya. Hiyo ndiyo trakboli. Wengi tunaodhani hatujawahi kuiona tumeshalala mbele yake, au tumesimama kando tukisubiri mtoto aonekane.

Mtaalamu yule hatumii kipanya, na sababu ziko wazi. Mtambo una magurudumu na hauna meza. Glovu zina jeli. Macho yake yako kwenye skrini na mkono wake wa pili umebana mahali ambapo hautakiwi kuteleza. Kipanya kingedai uwanja wa kutembelea. Gololi inazunguka papo hapo.

Naanzia hospitalini makusudi, kwa sababu mabishano ya trakboli kwa kawaida huanzia dukani. Mmoja anasoma kwenye boksi kwamba kifaa kimeundwa kufuata umbo la mkono na kitamwondolea maumivu. Mwingine anajibu kuwa hayo ni mambo ya watu wanaopenda vitu vya ajabu mezani. Wote wawili hawajauliza kazi inayofanywa ni ipi.

Gololi ni mkubwa wa kipanya kwa umri. Mwaka 1946 Ralph Benjamin, kijana mkimbizi kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi ya sayansi kwenye jeshi la majini la Uingereza, alibuni tufe la chuma linaloviringika juu ya magurudumu mawili yenye mpira, ili kusogeza alama kwenye skrini ya rada. Ilikuwa siri ya kijeshi. Mwaka 1952 Wakanada, kwenye mradi wa majini ulioitwa DATAR, walifika kwenye wazo hilohilo kwa njia yao, na badala ya kuchonga tufe jipya wakachukua mpira wa boling ya Kikanada, ule mdogo usio na matundu ya vidole. Hiyo nayo ikafungiwa kabatini pamoja na siri nyingine. Kifaa kilichozaliwa chini ya ulinzi kinachelewa kujulikana mtaani.

Kipanya kilikuja baadaye. Cha mhandisi Douglas Engelbart, kilichoonyeshwa hadharani Marekani Desemba 1968, kilikuwa na magurudumu mawili bila gololi yoyote. Miezi michache kabla ya hapo Telefunken ya Ujerumani ilikuwa imeshatangaza kifaa chake kilichotokana na trakboli ya waongoza ndege: Rainer Mallebrein na wenzake waliigeuza chini juu, tufe likawa linaviringika juu ya meza. Habari ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, haikufika popote. Uvumbuzi ulionekana mdogo mno. Hebu fikiria: kukipindua kitu ndiko kulikozaa kipanya cha gololi, cha aina ambayo dunia nzima ilikuja kuishika kwa miaka mingi. Waliokaa kwenye intaneti kafe za mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakikumbuka vizuri. Unafungua kifuniko cha chini, unatoa gololi, unakwangua uchafu kwa ukucha, unarudisha. Na kuna wateja walioondoka na gololi mfukoni.

Kwa nini basi mtoto alimshinda mkubwa? Wapenzi wa trakboli hupenda kusema ni bei na mazoea. Bei imo, lakini tusijidanganye. Mwaka 1991 watafiti Scott MacKenzie, Abigail Sellen na William Buxton walilinganisha kipanya, trakboli na kalamu ya kuchorea kwenye kibao, kwa kazi mbili za kawaida: kulenga na kuburuta. Trakboli ilikuwa ya polepole kuliko zote kwa kazi zote mbili, na kwenye kuburuta ndiko ilikokosea zaidi. Jaribu mwenyewe utaona sababu. Kuburuta kunataka kidole kibane kitufe wakati vidole vingine vinazungusha, na mkono ni uleule mmoja. Kwa kipanya, kubana ni kazi ya kidole na kusogeza ni kazi ya mkono mzima, hawagombani.

Kwenye laptopu nako gololi ilipata nafasi yake ikaipoteza. Apple iliiweka katikati ya PowerBook za kwanza mwaka 1991, viganja vikiegemea pande zote mbili, mpango uliosifiwa sana. Mwaka 1994, kwenye PowerBook 500, nafasi hiyohiyo ikachukuliwa na padi ya kugusa. Padi haina kinachozunguka, kwa hiyo haina kinachokusanya vumbi. Kwa mtu anayefanyia kazi Dar es Salaam dirisha likiwa wazi, hiyo peke yake ni hoja nzito.

Upande wa pili una hoja zake, na mimi nimo humo kwa nusu. Kazi yangu kubwa ni majedwali ya hesabu, mistari mia kadhaa kwenda chini na safu nyingi kwenda kulia. Kwa kipanya nilikuwa nafagia meza kutwa, bega likipanda bila mimi kujua. Kwa gololi mkono unakaa, kiwiko kinaegemea, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Nataka kwenda mwisho wa jedwali, naipiga gololi kofi dogo, inakimbia yenyewe. Meza yangu pia ni nyembamba, nusu imeliwa na mafaili na chupa ya chai. Bega limepata nafuu. Ila nisiseme gololi ndiyo iliyoniponya, maana wiki hiyohiyo nilipandisha kiti na kuacha kufanya kazi hadi usiku wa manane.

Na hapo ndipo neno la kwenye boksi linapopwaya. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu wafanyakazi wa ofisini yaliona dalili kwamba kuegemeza mkono, pamoja na kipanya kisichoupinda, hupunguza matatizo ya shingo na mabega. Kwa hatua nyingi nyingine ushahidi ulikuwa haba au unapingana. Kwa hiyo muuzaji anayeahidi tiba anauza zaidi ya alichonacho. Tena aina ya gololi inayozungushwa kwa kidole gumba, ambayo ndiyo rahisi kuizoea, inahamisha mzigo wote kwenye kidole kimoja. Bega linapumzika, kano za gumba zinaanza kulalamika. Mwenye mkono wa kushoto hata hafiki kwenye malalamiko hayo: nyingi za aina hiyo zimefinyangwa kwa mkono wa kulia tu. Aina ya tufe kubwa la katikati, kama Expert Mouse ya Kensington, haibagui mkono, lakini ni pana, na siku chache za mwanzo utajiona kama mtoto anayejifunza kushika kijiko.

Jambo linalonikera zaidi ni uhaba wa ubunifu. Kampuni ya Logitech ilitoa trakboli ya MX Ergo mwaka 2017, yenye bamba la kuiinamisha hadi nyuzi 20. Kitu kizuri. Ilibaki na tundu la chaji la zamani hadi mwaka 2024 ilipotoka MX Ergo S yenye USB-C na vitufe visivyopiga kelele. Miaka saba kwa tundu la chaji! Microsoft ilikuwa na Trackball Explorer, ikaiacha, na waliokuwa nayo wakaanza kuuziana mitumba kwa bei ya juu kuliko ilipokuwa mpya. Naelewa hesabu ya kampuni: wateja wa gololi ni wachache, na mteja mwaminifu anatunza kifaa kimoja miaka kumi. Lakini uchache huo kwa sehemu umetengenezwa na uzembe huohuo. Mtu hawezi kuzoea asichokiona rafuni.

Wanaojaribu mambo mapya ni wadogo. Ploopy ya Kanada huuza trakboli zilizochapwa kwa printa ya 3D na kuweka michoro na programu zake wazi, kwa hiyo mwenye ujuzi anaweza kuchapa ganda linalolingana na kiganja chake mwenyewe, la kushoto au la kulia. Kwa fundi wa hapa mwenye printa, hilo ni jambo kubwa kuliko nyuzi 20 za mtu mwingine. Kasoro ni kwamba kihisi na bodi lazima viagizwe, na nauli yake si mchezo. Ganda la kuchapwa nalo lina mikwaruzo. Mwanzoni gololi huzunguka kwa kukwama.

Kariakoo vipanya vimemwagwa kila kibanda, lakini trakboli niliizungukia mchana mzima. Kijana mmoja wa duka alinisikiliza hadi mwisho, akaenda stoo, akarudi na kipanya chenye taa za rangi. Mwishowe yangu ililetwa na mtu aliyekuwa anasafiri.

Kwa anayeniuliza kama anunue, namuuliza anafanya nini kwa mkono ule. Mhasibu, mhariri wa sauti anayekwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, mtu wa meza finyu: ajaribu, akiweza kuazima kwanza aazime. Mchoraji wa mabango anayeburuta vitu siku nzima, simshauri. Mwenye ganzi ya vidole aende hospitali kabla ya kwenda dukani. Mimi trakboli yangu iko kushoto na kipanya kiko kulia, naingiza hesabu kwa mmoja na kupanga picha kwa mwingine. Ijumaa jioni naisukuma gololi itoke kwa chini, nafuta vile vinundu vitatu inavyokalia kwa pamba na spiriti. Vumbi linalotoka pale ni lilelile la intaneti kafe.