Haikuwa Rangi ya Nyumba, Ilikuwa Bluu

Kwanza tuwekane sawa. Haikuwa rangi ya nyumba. Ilikuwa bluu, hii hii ya kufulia mashuka, ya pakiti, iliyojaa kila duka hapa Mtwara. Kwa hiyo wewe dereva wangu wa bodaboda, uliyerusha ile video na maneno "Mkaguzi ampaka mzee rangi", nakuomba urekebishe. Jana nimepigiwa simu na watu wa Masasi. Masasi, jamani!

Ni ile nyumba ya Magomeni. Mama mdogo kapata hela ya korosho, kaipenda nyumba, kaniambia, "Baba, twende ukaniangalizie, wewe si ndo unajua mambo hayo."

Hapo nikiri. Mimi natengeneza simu. Ila kwa wiki tatu mfululizo nilikuwa naangalia video za Mmarekani mmoja mkaguzi wa nyumba. Kule kwao mtu akitaka kununua nyumba anamlipa mkaguzi aipitie kwanza, umeme, mabomba, paa, msingi, halafu anaandikiwa ripoti ya kila kilichooza. Anaingia na tochi. Nikajiangalia: tochi ninayo.

Na mnaocheka mjue kwamba mwanzo nilifanya kazi nzuri. Nilifungua meni swichi nikakuta waya wa 1.5, ule mwembamba wa taa, umefungiwa breka ya ampia 32. Nikamweleza mama mdogo kwamba breka kazi yake ni kuulinda waya. Hii mpaka ije ikate, waya umeshaungua ukutani na nyumba nayo. Nikatoka nje kutafuta ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa ethi upo, umeshuka ukutani vizuri kabisa, umefika chini ukachomekwa kwenye mchanga mtupu kama mche wa muhogo. Fimbo ya chuma ya kuufungia ardhini hakuna. Nikamwonyesha lenta, ile zege ya juu ya dirisha, dirisha la nyuma imepasuka, ina michirizi ya kahawia. Nikasema huu ni mchanga wa baharini, chumvi imekula nondo, nondo ikishika kutu inavimba na kuipasua zege. Mama mdogo akaguna "Mmh!" kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe. Ile "mmh" ndiyo iliyoniponza.

Tukafika kwenye tangi. Tangi jeusi la lita 1,000, juu ya mnara wa matofali uani. Kijana wa mwenye nyumba akasema, "Lina kasoro ndogo tu, maji yanaisha upesi. Tunajaza asubuhi, kesho yake hamna." Nikauliza nani anayatumia, nyumba si tupu? Akasema, "Labda jua."

Jua! Lita 1,000!

Nikajua hapa pana bomba limepasuka chini ya ardhi. Na dawa yake nilikuwa nayo, maana Mmarekani alishafundisha: weka matone ya rangi kwenye tangi, usitumie maji, subiri nusu saa, rangi itakuonyesha panapovuja.

Sasa naomba mnisikilize, msinihukumu. Yule bwana alikuwa anasema tangi la choo. Lile dogo la kuflashia, la lita sita hivi. Rangi ikijitokeza kwenye bakuli la choo kabla hujaflashi, ujue kuna kizibo kinavujisha. Basi, ni hicho tu. Lakini choo cha nyumba ile ni cha kuchuchumaa, unamwagia na ndoo. Nyumba nzima ina tangi moja. Mwanaume akisikia "tangi" aende wapi?

Nikapiga hesabu. Matone machache kwa lita sita, tangi lina robo, tuseme lita 250... nikamtuma dereva wa bodaboda dukani alete pakiti ishirini. Alirudi nazo huku anacheka. Nilidhani anacheka mambo yake.

Nikapanda ngazi, nikamimina zote. Kitu ambacho sikujua (mama yeyote anayefua angeniambia) ni kwamba bluu ya unga haiyeyuki kama sukari. Inatuama chini. Na bomba la kutokea maji liko wapi? Chini.

Nusu saa nilizunguka uwanja nimeinama, tochi mkononi saa sita mchana, natafuta mchanga wa bluu. Hamna. Misikitini wanaadhini. Ijumaa hiyo.

Hapo mlango wa nyumba ya jirani ukafunguliwa.

Ngoja niende polepole, maana mimi mwenyewe kila nikifumba macho ndivyo inavyokuja. Ilianza kanzu, nyeupe, ya pasi, mikunjo unaiona kwa mbali. Halafu mkono ukashika fremu ya mlango, mkono wa bluu mpaka kwenye kiwiko. Nikasema huyu mzee kavaa glavu. Halafu miguu, bluu mpaka vifundoni, kama kavaa soksi za timu ya shule. Halafu akainua uso. Wapendwa, mzee yule ana ndevu nyeupe pe, za heshima, zinafika kifuani. Alikuwa nazo. Sasa zilikuwa rangi ya bahari ya Msimbati. Tone moja likaning'inia nchani, likafikiria, likadondoka kwenye kanzu. Likafuata la pili.

Bafu lake halina dirisha, umeme ulikuwa umekatika. Hakujua chochote. Akatuona tumesimama midomo wazi, akasema kwa upole, "Asalamu alaikumu."

Mama mdogo alichoweza kusema ni, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kuna msiba?"

Mjukuu wake akatoka nyuma yake, akamwangalia, akapiga kelele, "Babu kawa bluu!"

Ningenyamaza. Binadamu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilinyoosha kidole, kikaenda moja kwa moja kwenye zile ndevu, nikasema kwa sauti ya ushindi, na kwenye video inasikika vizuri sana: "Nimepata! Linavujia kwa mzee!"

Akashusha macho kwenye mikono yake. Akaigeuza. Akaishika ndevu, akaangalia vidole. Hakufoka, bora angefoka. Alisema tu, "Maji yamebadilika rangi. Udhu sina." Halafu akamwambia mjukuu alete dumu la maji ya kisima, akaketi kibarazani na kuanza upya, kila kiungo mara tatu, na kila akisugua inazidi kusambaa. Khutuba tunaisikia kwenye spika. Mimi ndiye niliyekuwa nammiminia maji.

Mengine mnayajua. Bomba lilikuwepo kweli, limepita chini ya ukuta. Marehemu mwenye nyumba alimvutia jirani yake maji zamani, vijana wake hawakuambiwa, na mzee alidhani wanajua. Kanzu nimelipa. Tangi nimeingia kuliosha mwenyewe. Mama mdogo kapunguziwa bei kwa sababu ya ethi, lenta na hilo bomba, nyumba kachukua, bomba la mzee kaliacha, na asante sijaisikia.

Jana jioni nimeenda dukani kununua mkate. Muuzaji, bila hata kuinua kichwa: "Za bluu ngapi leo?"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Sikugeuka. Nilishaziona ndevu kwenye kioo cha friji la soda.