Dirisha Linalovuja Linataka Njia ya Maji, Si Silikoni Zaidi

Misimu miwili ya mvua nililala na taulo chini ya dirisha la chumbani. Mvua inayoshuka wima haikunisumbua hata siku moja. Iliyonitesa ni ile ya usiku inayokuja na upepo na kupiga kioo kama changarawe. Ndani ya dakika 20 reli, ule mfereji wa chini ambamo dirisha huteleza, imejaa, maji yamevuka ukingo wa ndani na yanateremka ukutani hadi sakafuni. Asubuhi nakamua taulo, nachukua tyubu ya silikoni, napaka. Mvua inayofuata, taulo tena. Nilipaka mpaka tabaka likapanda juu ya tabaka, na dirisha likazidi kuvuja.

Fundi aliyenitoa kwenye shida hiyo hakugusa kioo. Alipiga goti upande wa nje, akapitisha kidole chini ya fremu, akauliza, "Nani kayaziba haya matundu?" Nikamwambia ni mimi, nilidhani mvua inapitia hapo. Akachukua msumari mwembamba akaanza kuchokonoa silikoni yangu. Tundu la kwanza lilipofunguka yalitoka maji meusi, yamechanganyika na vumbi na mabawa ya kumbikumbi, yakadondoka kwa muda mrefu. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili.

Tumekuzwa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli tupu. Lakini kwenye dirisha si kila uwazi ni ufa. Dirisha la kuslaidi, la alumini au la plastiki, limeundwa kwa kukubali kwamba maji yataingia kwenye reli. Mpira na brashi za pembeni kazi yao ni kuyapunguza. Yanayopita hukusanyika kwenye reli, na vile vijitundu vya chini huyarudisha nje. Ukiviziba umegeuza reli kuwa beseni, na beseni likijaa humwagikia chumbani.

Upepo ndio unaobadilisha hesabu. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unaweza kuinua maji ndani ya reli kwa kidogo zaidi ya sentimita 1. Kasi ikifika 100, haiinui mara mbili bali mara nne, takriban sentimita 5, kwa sababu msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Ndiyo maana dirisha linaweza kustahimili mvua za mwaka mzima, kisha likashindwa usiku mmoja wa dhoruba. Ukiona maji yanachezacheza kwenye reli wakati upepo unavuma, usitaharuki. Upepo ukilegea yatashuka na kutoka, mradi njia iko wazi. Cha kuangalia ni kimo cha ukingo wa ndani wa reli, na nashangaa jinsi tunavyochagua rangi ya fremu kwa siku tatu bila hata kuuliza ukingo huo una urefu gani. Kwa ukuta unaotazama upepo, mimi ningechukua dirisha la bawaba linalofunguka kwa nje. Upepo ukilisukuma, unalibana zaidi kwenye fremu yake.

Halafu kuna madirisha yanayosingiziwa. Maji yanatokea kwenye kona ya chini, tunalaumu dirisha, kumbe yameingilia kwenye ufa wa plasta juu ya lenta, ile boriti iliyo juu ya dirisha, yakateremka nyuma ya fremu na kuchungulia pale yalipopata upenyo. Kuna namna moja ya kumjua mwizi, nayo inataka subira. Chukua mpira wa maji, mwenzako akae ndani na tochi. Lowesha kwanza kizingiti cha chini peke yake, subiri dakika kadhaa. Kisha pembeni. Kisha juu ya dirisha. Mwisho ukuta wenyewe. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu na hutajua yaliingilia wapi.

Ukiwa hapo nje, inama utazame chini ya kizingiti. Kizingiti kizuri kimelalia nje, na chini ya ukingo wake kuna mchirizi mwembamba unaokwenda urefu wote. Mchirizi huo ni kitu kidogo ninachokiheshimu sana. Maji hupenda kushikamana na uso wa zege, yakafuata tumbo la kizingiti kurudi ukutani. Yakifika kwenye mchirizi hushindwa kuuvuka, huning'inia, hudondoka. Nimeona nyumba nyingi ambazo mpaka rangi ameujaza mchirizi kwa puti ili uso uonekane laini, na ukuta wa chini ukaota madoa.

Sisemi silikoni haina kazi. Kazi yake ni pale fremu inapokutana na ukuta, kwa nje. Lakini ya zamani ing'olewe yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni kuukuu, na uso uwe mkavu usio na vumbi. Kupaka asubuhi baada ya mvua, ukuta ungali na maji, ni kupoteza tyubu. Na usipake uzi mwembamba kama kamba ya kiatu. Fremu ya alumini ya mita 2 hurefuka kwa karibu milimita 2 ikipanda joto kwa nyuzi 40, hivyo uzi mwembamba huchanika jua na mvua vikipishana. Fremu za mbao nazo hunywa unyevu na kuvimba. Hizo huziponya rangi, hasa kwenye ncha zilizokatwa, ambako mbao hufyonza maji kuliko kwingine.

Kuna maji mengine ambayo hayajatoka mvuani kabisa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa jasho ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi. Chumba kinachopozwa kwa kiyoyozi hadi 22 kina fremu na kingo za ukuta zilizopoa vya kutosha, na kila upenyo wa hewa ya nje unaleta umande. Ukiona unyevu umetanda sehemu kubwa hata siku isiyo na mvua, hilo ni jasho. Uvujaji huwa na doa lenye chanzo. Vyote viwili vikaushwe siku hiyo hiyo, kwani ukungu unaweza kuanza kuota kwenye kitu kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48, na mapafu ya watoto ndiyo yanayolipa.

Sasa kila mawingu ya msimu yanapoanza kujikusanya, nafagia reli kwa mswaki wa zamani, kisha namimina glasi moja ya maji na kutoka nje kuangalia. Wiki iliyopita tundu la kushoto lilichelewa. Nikalichokonoa kwa njiti, likatoa bawa la mdudu na donge la mchanga, maji yakaanza kudondoka kwenye kizingiti. Usiku ule ule dhoruba ikaja. Niliwasha tochi nikaiona reli imejaa karibu na ukingo, maji yanapanda na kushuka kila upepo ulipovuta pumzi. Hayakuvuka.