Si baridi peke yake iliyoukuza mji wa Lushoto
Makala niliyoisoma inaeleza kwamba mji wa Lushoto ulikua kwa sababu wakoloni wa Kijerumani waliipenda baridi ya milima ya Usambara, maelezo ambayo naona ni nusu ya habari. Ni kweli kwamba baridi iliwavutia maofisa wao, wakauita mji huo Wilhelmstal kwa heshima ya Kaizari Wilhelm, mfalme wao, lakini kilichouunganisha na pwani ni reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, ambako msafiri aliiacha reli na kuanza kupanda kwa barabara ya kona nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo, kupitia Soni. Mombo, iliyo chini kwenye joto, makala haikuitaja hata mara moja. Tena milima hiyo haikuwa pori lisilo na wenyewe, kwani Vuga ilikuwa makao ya watawala wa Kikilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, muda mrefu kabla ya mkoloni, ikaachwa kando serikali ya Wajerumani ilipoweka ofisi zake kwingine. Kilimanjaro nako reli ilionyesha nguvu hiyo hiyo: ilipofika mwaka 1911, mji wa Moshi ulikulia tambarare, na boma la kwanza la Wajerumani likabaki mlimani.