Incirlik haikuwa kiburi tu
Mnaosema Ujerumani iliondoa askari wake Incirlik, kituo cha anga nchini Uturuki, mwaka 2017 kwa kiburi, mnasahau sheria yake. Tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya 1994, jeshi haliendi vitani nje bila kura ya Bundestag, bunge la Ujerumani, na anayepiga kura hiyo anadai kuwafikia askari. Uturuki iliwafungia wabunge hao lango mara mbili: 2016, baada ya azimio la Bundestag kuhusu mauaji ya kimbari ya Waarmenia, kisha Mei 2017, wanajeshi wa Kituruki walipopewa hifadhi Ujerumani. Ndipo askari wapatao 260 na ndege za Tornado wakahamia Al-Azraq, Yordani. Kituo kingine cha Uturuki chenye askari wa Ujerumani, Konya, kilinusurika: Septemba wabunge waliingia chini ya mwavuli wa NATO, si kama wageni wa Berlin. Hila nzuri, ila kwa Incirlik ilichelewa.