Nimekuita Shahidi, Hukumu Niachie Mwenyewe

"Kali sana! Hongera, endelea hivyohivyo."

Hilo ndilo jibu nililopata kutoka kwa mtu ninayemheshimu kuhusu rasimu ya filamu yangu ya dakika 38 juu ya mjomba wangu, fundi saa, na liliingia dakika tano baada ya kumtumia kiungo. Ama jamaa ana macho yanayokimbia kuliko mtambo, ama alifungua, akaiona sura ya mjomba wangu, akafunga, akaandika. Na nilikuwa nimemwekea swali kabisa: ni wapi ulichoka? Hakusema. Atachokea wapi, naye safari hakuianza?

Afadhali angenyamaza. Aliyenyamaza najua hajatazama. Nitamkumbusha, atajitetea, tutacheka, yataisha. Aliyekwisha kusifu nitamrudiaje? Nimuulize nini tena, na keshajibu? Amenipotezea mtazamaji mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe, na mtazamaji wa rasimu ni adimu kuliko kamera.

Mtu huiona filamu kwa mara ya kwanza mara moja tu. Ukimpelekea toleo la pili yuleyule, haangalii filamu tena, anaangalia mabadiliko: ahaa, naona umetoa ile sehemu ya mvua. Tayari anajua nani ni nani, anajua na inaishia wapi. Ndiyo maana waliozoea kazi hii hawaimwagi rasimu kwa kila mwenye simu. Wanawagawa watu mafungu: wachache sasa, wachache toleo lijalo, na wengine wanawekwa akiba hadi siku chache kabla ya kufunga picha, pale ambapo hakuna tena kuhamisha kitu. Akiba yangu moja imeliwa na "kali sana".

Upande wa pili wapo mafundi. Hao wanatazama hadi mwisho, sikatai. Halafu wanaandika: "Rangi zimepauka." "Ulipiga na kamera gani?" "Ukiweka droni itapendeza." Ndugu zangu, filamu yangu karibu yote inatokea juu ya meza ya fundi saa. Ni mikono, kibano, na jicho moja lililobana kioo cha kukuzia. Droni ipige nini, upara wa mjomba? Na mwanzoni kabisa niliandika kwa herufi kubwa kwenye skrini nyeusi: RASIMU. RANGI NA SAUTI BADO. Walisoma, wakashukuru kwa taarifa, wakaja kunieleza kuhusu rangi na sauti.

Najua kinachowapeleka huko. Kuzungumzia rangi hakumdai mtu chochote. Ukisema kijani kimezidi, umeonekana mjuzi na hujajianika. Lakini kusema "kuanzia dakika ya 20 nilikuwa nafikiria mambo yangu" kunataka moyo, kwa sababu unamwambia mwenzako kazi yake imekupoteza, na unakiri kwamba wewe ni mtu wa kupotea. Wengi tunaona heri kijani.

Kwa sauti, haya, nawapa, tena kwa shingo upande. Picha yenye giza mtu huivumilia, lakini mahojiano yanayokwaruza masikio humwinua kitini, na akishainuka hakuna utakachopata kwake. Safisha mahojiano kidogo kabla hujaita watu. Wameshinda hilo moja.

Ninachokitafuta kwa mtazamaji wa rasimu ni ushahidi. Shahidi mzuri anaeleza alichokiona, alikuwa amekaa wapi, na kama alisinzia anasema alisinzia. Haambiwi na mtu apendekeze mshtakiwa afungwe miaka mingapi. Sisi tukialikwa kutazama rasimu ya mwenzetu tunaruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu: kata hapa, ongeza pale, anza na ile ya mwisho, weka msimulizi. Ushahidi tunaondoka nao mfukoni.

Tofauti si ndogo. Ukiniambia "hapa nilidhani imeisha", umenipa kitu ambacho siwezi kujipatia mwenyewe hata nikeshe mbele ya kompyuta, kwa sababu mimi najua haijaisha, na siwezi kutojua. Ukiniambia "malizia hapa", umenipa maoni juu ya filamu ambayo ungeitengeneza wewe, na wewe hujui kwenye diski nina picha gani, hujui mahojiano gani yaliharibika kwa upepo, hujui nani alikataa kurekodiwa. Unapanga nyumba ambayo umeiona sebule tu. Asante, lakini hapana.

Nitoe mfano, maana naona wengine mnakunja uso. Dakika ya 14 kuna mama mmoja amekuja na saa ya marehemu baba yake, imesimama, anataka itembee. Mtazamaji mmoja akaniambia mtoe huyo mama, anachosha. Mwingine, hawajuani kabisa, akaniambia huyo mama ndiye roho ya filamu, mbona umempa muda mfupi hivyo, mrefushe. Ukizipokea dawa zao kama zilivyo utapasuka kichwa, au utafanya kile ambacho wengi hufanya: kumsikiliza yule unayempenda zaidi. Mimi nilizitupa dawa zote mbili nikabaki na jambo moja, kwamba wote wawili walisimama mahali pamoja. Pale pana kitu.

Kitu chenyewe hakikuwa pale. Kilikuwa dakika ya 9, ambapo mjomba, akiwa ameinama, anasema watu hawamletei saa ili wajue ni saa ngapi, wanamletea watu wao. Sentensi tamu, niliipenda, nikaiweka mapema nikijisifu. Sasa mama anapofika na saa ya baba yake, mtazamaji keshaambiwa. Mmoja akaona anarudishiwa habari ya zamani, akasema toa. Mwingine akaona mama hakupewa nafasi ya kusema lake, akasema ongeza. Nikaihamisha sentensi ya mjomba ikaja baada ya mama kuondoka, na mama sikumgusa, si kwa kupunguza wala kwa kuongeza. Toleo lililofuata, kwa watazamaji wapya, hakuna aliyetaja dakika ya 14. Na tazama: hata mmoja wa wale wa mwanzo hakuwahi kuitaja dakika ya 9. Mtu anajua panapomuuma, ila kidonda mara nyingi kiko nyuma ya hapo, na kukitafuta ni kazi yako mwenye diski.

Ushahidi mwingine ulikuja katika umbo la swali la kizembe kabisa. "Yule mama anayehesabu pesa pale nyuma ni nani? Mwajiri wake?" Ni mkaza mjomba. Anaonekana katika robo ya filamu, na hakuna mahali panapomtaja, kwa sababu sisi ukoo mzima tunamjua. Baadaye nilimuuliza mtazamaji mwingine anisimulie filamu kwa maneno yake, naye akanisimulia habari ya fundi saa anayefanya kazi chini ya bosi mkali wa kike. Hakukosea sana, kusema kweli. Lakini ushauri wa aina ya "boresha wahusika" usingenifikisha hapo hata kidogo. Swali la "ni nani yule" limenifikisha, na dawa ilikuwa sekunde chache za yeye kumwita mumewe.

Kwa hiyo usiulize "umeionaje?" Hilo ni ombi la sifa lililovaa nguo za swali, na mwenye adabu atakupa ulichoomba. Uliza: nisimulie, inahusu nini? Kesho yake uliza: umekumbuka nini? Kama filamu ni ya kutazamiwa mbali, choma namba za muda zitembee pembeni ya picha, mtu aandike "12:40, huyu ni yule wa mwanzo?" badala ya "pale katikati kuna kitu". Na muziki maarufu uliouazima kwa muda utoe kabla hujaonyesha, kwani watausifia wimbo nawe utadhani wameisifia filamu, na haki zake huna.

Ukiweza, kaa nao chumba kimoja, pembeni, ukiwatazama wao. Acha skrini, umeiona vya kutosha. Kuna mahali watu wanne watabadili mkao kwa wakati mmoja. Kuna mahali chumba chote kitaacha kukohoa. Jamaa mmoja alinihakikishia hakuchoka hata sekunde, na mimi nilikuwa nimemwona akigeuza simu aone saa, katika filamu ya saa, ukutani kukiwa na saa. Mdomo una adabu, shingo haina. Nawe funga wako. Ukianza na "hapa nilimaanisha", umeshamfundisha shahidi la kusema, na siku filamu ikitoka hutakaa kando ya kila mtazamaji duniani kumweleza ulichomaanisha.

Wanaodhani ugonjwa huu wa sifa za adabu umeletwa na simu wamkumbuke Robert Flaherty, mtengeneza filamu Mmarekani. Alikwenda Aktiki ya Kanada, akapiga picha za Wainuit, wenyeji wa huko, akarudi Toronto kuhariri, na mwaka 1916 sigara ikaangukia filamu zake. Maelfu ya futi yakateketea. Nakala moja ya kazi ikapona. Akawaonyesha watu New York, na kwa kumbukumbu zake mwenyewe walikuwa waungwana, walitazama. Ila aliona kwamba wanachokifurahia ni urafiki: kujua alikokwenda na alichofanya huko. Hakuna aliyekuwa ameingia ndani ya maisha ya wale watu. Angeweza kupokea pongezi zile akapumzika, na kisingizio cha moto alikuwa nacho. Akarudi mwaka 1920 kupiga upya, akawa anasafisha filamu hukohuko kwenye baridi na kuwaonyesha Wainuit wenyewe walichopiga pamoja. Kilichotoka mwaka 1922, Nanook of the North, ndicho ambacho hadi leo hakuna anayefundisha dokumentari bila kukitaja, kwa kusifu au kwa kugomba, maana mambo mengi ndani yake yalipangwa yakaigizwa. Hilo ni ugomvi wa siku nyingine. Mimi ninachomvulia kofia ni yale macho ya kuona kwamba makofi aliyopigiwa hayakuwa ya filamu.

Na kuna shahidi ambaye wengi wetu tunamkwepa: aliyemo ndani ya picha. Tunasema tutamwonyesha ikikamilika, tukiwa na maana kwamba tutamwonyesha wakati hana la kubadilisha. Jean Rouch, Mfaransa aliyerekodi wawindaji wa viboko katika mto Niger, alirudi kwao miaka ya 1950 na projekta. Kwenye mawindo alikuwa ameweka muziki wa kiwindaji, wa kwao wenyewe, kunogesha. Wakamshangaa. Kiboko akiwa majini anasikia vizuri mno, na mwindaji anakwenda kimya. Muziki huo ungemfukuza. Rouch akautoa. Hakuna mkosoaji wa Paris ambaye angeligundua hilo, hata angetazama filamu mara mia.

Nami nikaenda kwa mjomba na kompyuta. Alitazama bila neno hadi kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote, ambapo saa inaunganishwa upya. Akaninyooshea kidole. "Mjomba, hapo umenisingizia. Umenifanya nivishe mishale saa ambayo haijatembea." Katika kuunga picha nilitanguliza uso wa saa na mishale, kisha nikamalizia kwa lile gurudumu dogo la mizani linapoingia na kuanza kucheza, kwa sababu kumalizia na kitu kinachoanza kucheza kunapendeza. Fundi halali haendi hivyo. Kwanza mashine itembee, ndipo uivishe uso. Watazamaji wote waliopita hawakugutuka, na kwa mdundo mpangilio wangu ulikuwa mzuri zaidi, nitasema hivyo hadi kaburini. Nimeurudisha wa kwake. Wako mafundi saa wengine duniani, na ni yeye watakayemcheka.

Akanogewa, akaendelea: na pale ninapomfokea yule kijana aliyefungua saa kwa kisu, toa, si vizuri. Hapo tukabishana. La mishale ni ushahidi wa mtu anayeijua kazi yake. Hili la pili ni hukumu, na kijana mwenyewe ameiona na kuiruhusu. Nikamweleza hivyo kwa heshima zote. Akasema uso ni wake. Ni kweli, uso ni wake, na ni yeye atakayekutana na watu wakishaiona, si mimi. Tukarushiana maneno hadi mkaza mjomba akaacha kuhesabu, akaomba arudishiwe kile kipande, akakitazama mara moja.

"Kibaki," akasema. "Ndivyo alivyo."

Kimebaki.